Picha ya Sinema Iitwayo "Mother India": Uzuri Wake na Upungufu Wake

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za picha moja ya sinema. Labda mtu atauliza: Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero ana haja gani na picha iliyotengenezwa Bara Hindi mwaka 1957? Na mwanafunzi ana vitabu vyake; kwa nini kumpotezea wakati kwa habari za michezo? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba picha hii si habari ya wafalme wala ya matajiri wa mjini. Ni habari ya mkulima na deni lake, na mafuriko, na mama aliyeachwa peke yake na watoto. Mambo hayo hayahitaji mkalimani hapa Idete.

Picha za Kihindi si ngeni katika nchi zetu. Tangu zamani zilioneshwa katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Unguja, Tanga na Mombasa. Watu wasiojua neno la Kihindi waliziimba nyimbo zake njiani, hata waimbaji wa taarab wakazitwaa sauti zake wakatia maneno ya Kiswahili. Majumba mengi ya namna hiyo yamekwisha kufungwa, walakini picha zenyewe zilifika vijijini kwa njia ya vibanda vya video, ambamo mara nyingi husikika mtu akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wachezaji. Sisi tuliitazama picha hii jioni moja baada ya mavuno, walimu pamoja na wanafunzi wakubwa, na wazee wachache waliopenda kuja.

Aliyeitengeneza ni Mehboob Khan, mtu wa Gujarat. Kisa hicho alikuwa amekwisha kukionesha mara moja mwaka 1940, katika picha iitwayo Aurat, yaani Mwanamke. Baada ya Uhindi kupata uhuru mwaka 1947 alikirudia kwa rangi na kwa gharama kubwa zaidi. Jina la Mother India, yaani Mama Uhindi, alilichagua kwa makusudi. Mwaka 1927 mwandishi wa Marekani, Katherine Mayo, alikuwa ametoa kitabu chenye jina hilo hilo, akizisema vibaya desturi za Wahindi. Picha ikawa kama jibu. Mwaka 1958 ilikuwa moja ya picha tano zilizoshindania tuzo kubwa ya Marekani kwa picha za lugha za kigeni, ingawa tuzo ilikwenda kwa picha ya Kiitaliano.

Kisa chenyewe ni hiki. Radha anaolewa kijijini na kijana aitwaye Shamu. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili arusi ipendeze. Mama huyo hajui kusoma, na aliyeyaandika masharti ni Sukhilala mwenyewe. Mambo yanapofika mbele ya wazee, mama asema masharti yalikuwa mengine, lakini wazee wanaifuata karatasi. Tangu siku hiyo robo tatu ya mavuno ni ya mkopeshaji, tena hiyo ni riba tu. Deni lenyewe liko pale pale. Shamu na Radha wanajaribu kusafisha shamba lenye mawe ili wapate zaidi. Jiwe kubwa linaiponda mikono ya Shamu. Kwa kuona aibu ya kulishwa kama mtoto, anatoka usiku asirudi tena.

Radha analima peke yake. Sukhilala ataka kumwoa kwa kuutumia umaskini wake, Radha akataa. Yaja mafuriko, yanaharibu mazao na kuleta msiba wa watoto. Watu wanafunga mizigo wahame, naye Radha awasihi wabaki, wanabaki. Wanae wawili, Ramu na Birju, wanakua. Ramu ni mpole. Birju ana hasira juu ya deni tangu utoto, na mwisho awa mnyang'anyi wa porini. Siku ya arusi ya binti Sukhilala, Birju anakuja na genge lake, anamwua Sukhilala, anamteka yule binti. Radha alikuwa ameahidi kwamba mwanawe hataidhuru nyumba ile. Basi ashika bunduki na kumpiga mwanawe mwenyewe, naye afia mikononi mwake. Picha inaanza na kumalizika na Radha akiwa mzee, akiombwa afungue mfereji mpya wa maji ya mashamba, na maji yale yaonekana mekundu kama damu.

Sasa tuseme uzuri wake. Kwanza, picha hii inaiheshimu kazi ya mkono. Twaona jasho, matope na mikono iliyopasuka. Ng'ombe wa kulima wanapokosekana, Radha anajitia nira shingoni na kulivuta jembe. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu, ambaye kila msimu huvuka mto na kukaa miezi katika dungu akilinda mpunga na ndege na nguruwe, alisema, "Mwalimu, huyu si wa mbali." Mchezaji wa Radha ni Nargis. Mwaka 1958 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika mashindano ya Karlovy Vary huko Chekoslovakia, nasi twaona aliistahili. Alikuwa karibu umri mmoja na Sunil Dutt aliyecheza kama mwanawe Birju, hata hivyo mtazamaji hasumbuki kuamini kwamba huyu ni mama na yule ni mtoto.

Pili, inaeleza vizuri namna deni linavyofanya kazi, kuliko masomo mengi tuliyowahi kuyatoa darasani. Deni lenyewe halikuwa kubwa tangu mwanzo. Lilikuwa la siku moja ya furaha. Likakua kwa sababu mkopaji hakuisoma karatasi, na kwa sababu riba ilitolewa katika mavuno, wala si katika fedha. Mwenye kutoa robo tatu ya mavuno hawezi kubakiza mbegu. Asiye na mbegu hana budi kukopa tena. Katika bonde letu twayajua haya kwa sura nyingine. Masika ikiwa imeshika, ghala tupu, mtoto adaiwa sare ya shule, mtu huuza mpunga ungali kijani shambani kwa bei ndogo, na wakati wa mavuno hutoa magunia yaliyojazwa kupita kipimo, yale yaitwayo lumbesa. Na mikopo ya siku hizi yenye riba ya kila juma watu wameipa jina lake wenyewe: kausha damu. Aliyelitunga jina hilo pengine hakuiona picha hii, lakini angeyatambua maji yale mekundu.

Tatu, haisemi kwamba mwenye kuonewa aweza kutenda lolote. Birju ana haki ya kukasirika, walakini binti Sukhilala hakuliandika deni. Radha anaiona tofauti hiyo, naye anaishika hata inapomgharimu mwanawe. Ni jambo zito, na wazee waliokuwa nasi walinyamaza kimya kikubwa hapo.

Walakini kitu chema huweza kuwa na upungufu, na mwalimu asiyeutaja humdanganya mwanafunzi. Kwanza, picha ni ndefu, karibu saa tatu, na machozi yamepangwa juu ya machozi. Msiba mmoja haujapoa, mwingine umebisha hodi. Mafuriko peke yake yangetosha. Ifakara ilipoingiliwa na maji mwaka 2024, watu walilia, kisha wakaanza kuhesabu vyombo, kutafuta mbegu, kuuliza njia ipi yapitika. Picha haikai sana katika hesabu za namna hiyo, na hizo ndizo zinazomwinua mtu.

Pili, uovu wote umewekwa juu ya mtu mmoja. Sukhilala ni mbaya tangu anapoonekana mpaka anapokufa, tena mara nyingine achekesha. Kanhaiyalal, aliyemcheza katika picha zote mbili, ya 1940 na ya 1957, anafanya kazi yake vizuri mno. Lakini mtazamaji aweza kwenda nyumbani akidhani kwamba mkopeshaji akiwa na uso mzuri na maneno ya upole, hakuna hatari. Wazee walioifuata karatasi bila kuipima hawakuwa watu wabaya, na bila wao karatasi ile isingekuwa na nguvu.

Tatu, ujana wa Birju una michezo ya kuwasumbua wasichana kisimani na njiani, nayo imewekwa ili tucheke. Wavulana wetu walicheka. Wasichana, twaliona, hawakucheka. Ni ajabu kwamba picha inayoitukuza heshima ya mwanamke mpaka kumwaga damu yaichukua hivi hivi heshima ya msichana anayechota maji.

Nne, Radha amefanywa karibu kuwa kama sanamu ya kuabudiwa. Alima, alea, azika, ahukumu, na mwisho apiga risasi. Kijiji kizima kinasimama na kumtazama. Yafaa tuulize: Kwa nini mwanamke mmoja apewe kazi ya baraza, ya hakimu, na ya ukoo mzima? Kumsifu mama kwa kuvumilia ni rahisi. Kumsaidia mzigo ni kazi.

Upungufu mkubwa kuliko wote twauweka mwisho. Birju anapomwua Sukhilala, anavichoma vitabu vya madeni. Usiku ule wanafunzi wetu walipiga makofi kwa nguvu. Kesho yake darasani tukawauliza, "Vitabu vimekwisha kuungua. Sasa nani ajua Radha amelipa magunia mangapi kwa miaka ile yote?" Wakatazamana. Kijana mmoja akajibu polepole, "Mwalimu, hapana ajuaye." Ndivyo ilivyo. Kitabu cha uongo kilikuwa ndicho ushahidi wa wizi. Kikisomwa mbele ya mwenye sheria kingeweza kumhukumu mwandishi wake. Kikichomwa, kilibaki kimya, naye Birju alihukumiwa peke yake. Mfereji ukaja baadaye kutoka kwa serikali, nasi twafurahi, lakini maji hayafundishi mtu kusoma karatasi ya deni.

Basi, ndugu zetu, itazameni picha hii mkipata nafasi, na watoto wakubwa waitazame pamoja nanyi. Lieni palipo na haki ya kulia. Kisha mkirudi nyumbani, shikeni mambo machache. Mtu asitie dole gumba katika karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini. Aombe nakala yake siku ile ile, asingoje kesho. Kila gunia na kila shilingi anayolipa aiandike katika daftari lake mwenyewe, pamoja na tarehe, na aliyepokea atie sahihi. Asiyejua kuandika amwite mwanawe aliye shuleni. Wala mtoto asione haya kumsomea baba au bibi yake, maana kwa kazi hiyo elimu yake imekwisha kuanza kulipa.

Tangu siku ile wanafunzi wetu wa darasa la juu wamezoea kuleta hesabu za nyumbani kwao tuzifanye pamoja ubaoni, bila kutaja jina la mwenyewe. Juma lililopita tulikuta deni moja lililokwisha kulipwa lote, na magunia mawili yametolewa zaidi. Mwenye deni amekwenda na daftari lake kwa mwenyekiti wa kijiji.