Tukiwapeleka Watoto Mpala

Mvua zikikoma mwezi wa tano, walimu wa shule zetu za kando ya Ziwa Tanganika huanza kuulizana: mwaka huu tuwapeleke wanafunzi wapi, wakaone kwa macho yale wanayoyasoma katika historia? Sisi twawajibu bila kusita: wapelekeni Mpala. Lakini twaongeza neno moja: wakifika huko, waambieni habari yote.

Mpala ipo ukingo wa magharibi wa ziwa, kati ya Kalemie na Moba, hapo mto Lufuko unapomwaga maji yake. Mgeni apitaye kwa mashua aweza kuiona ni misioni kama misioni nyingine, akaendelea na safari yake. Kumbe pale, katika muda wa miaka michache tu, walikutana watu wa kila namna: masultani wa Kitabwa, askari wa Ulaya, wafanya biashara wa pembe na watumwa, mapadri, na watoto waliotolewa minyororoni.

Mwaka 1876 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliunda Chama cha Kimataifa cha Afrika. Chama hicho kilisema shabaha yake ni kuichunguza nchi na kuukomesha utumwa. Shabaha nyingine za mfalme zilijulikana baadaye. Mmojawapo wa watu wa chama alikuwa Luteni Émile Storms. Alikaa kwanza Karema, ng'ambo ya mashariki, na mwezi wa Mei 1883 akavuka ziwa, akafanya udugu wa damu na sultani aliyeitwa Mpala, akajenga boma lake karibu naye. Ndiyo sababu wenyeji walimwita Bwana Boma. Hapo mwalimu na asimame kidogo. Wanafunzi wengi hudhani Mpala ni jina la mahali tu. Hawajui kwamba Mpala alikuwa mtu, mwenyeji aliyempokea mgeni, na kwamba ni jina lake lililobaki, si jina la yule mgeni.

Siku zile nchi ilikuwa imechafuka. Misafara ya Waungwana na ya Waarabu ilivuka ziwa kutafuta pembe na watu, na baadhi ya masultani wetu wenyewe waliingia katika biashara hiyo, kwa maana aliyeuza watu alipata bunduki na baruti, na mwenye bunduki aliwatisha jirani zake. Mmoja wa hao aliitwa Lusinga. Mwingereza Joseph Thomson alikwisha kupita kwake mwaka 1879. Lusinga alikuwa na nguvu, aliteka vijiji, aliuza watu. Hakukubali Bwana Boma amzidi. Mwezi wa Desemba 1884 askari wa Storms walimwendea milimani, wakamwua, wakamkata kichwa, wakamletea bwana wao.

Storms alikichukua kichwa kile hadi Ubelgiji, pamoja na vichwa vya wakubwa wengine wawili. Alichukua pia sanamu ya mti ya mababu wa Lusinga, ambayo baadaye iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, na watu wengi wa Ulaya wameisifu kwa uzuri wake. Mafuvu nayo yaliwekwa Tervuren, kisha mwaka 1964 yakahamishiwa taasisi ya elimu ya viumbe mjini Brussels. Muda mrefu hakuna aliyeyasemea. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa Ubelgiji aliitoa habari hiyo gazetini, ikasomwa na wengi. Na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa mji ule ikaondolewa.

Tumesikia watu wenye heshima wakisema kwamba mambo haya hayafai masikio ya watoto. Sisi hatukubaliani nao. Tulipata kufuatana na darasa moja hadi Mpala, na mwalimu alikuwa amekwisha kusimulia kifo cha Lusinga kwa maneno machache, akitaka kupita upesi. Kijana mmoja, mfupi, wa kiti cha nyuma, akauliza: «Sasa walimzika namna gani pasipo kichwa?» Mwalimu akanyamaza. Wenzake hawakucheka. Padri aliyekuwa pamoja nasi akawaambia wapige magoti, wakamwombea Lusinga, tena wakawaombea watu ambao Lusinga aliwauza, ambao kwao hatujui jina hata moja. Sala haikuwa ndefu. Tangu hapo watoto walitazama kila kitu kwa macho mengine, na maswali hayakwisha mpaka usiku.

Hatari nyingine ni ya wale watakao kugeuza habari upande wa pili, wakimfanya Lusinga kuwa shujaa asiye na doa kwa sababu tu aliuawa na Mzungu. Mama aliyenyang'anywa mtoto wake na watu wa Lusinga angesema nini? Mtoto wa shule aweza kushika mambo mawili kwa mara moja: kwamba mtu huyu aliwatesa wengine, na kwamba kichwa chake hakikuwa kitu cha kuwekwa ndani ya sanduku. Tena si vigumu kwake. Wakubwa ndio wanaoshindwa.

Mwaka 1885 mfalme Leopold alikwisha kuligeuzia uso bonde la mto Kongo, hakuhitaji tena vituo vya ziwani. Storms akaitwa kwao, na boma la Mpala likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Padri Moinet alikuwa mmoja wa waliolipokea. Basi misioni yetu ilianza ndani ya nyumba ya Bwana Boma. Twalisema wazi, kwa kuwa Wakristu hawana haja ya kulificha. Ndani ya kuta zilezile walikusanywa watoto waliokombolewa kwa vitambaa na shanga, wakalishwa, wakafundishwa kusoma na kusali, wakaoa na kuolewa, wakaanzisha vijiji. Baadhi ya jamaa za ukingo ule zimetoka kwa watoto hao.

Mwaka 1887 akaja Kapiteni Joubert, Mfaransa, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Alivilinda vijiji hivyo na wateka watu, mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakao, mwanamke wa nchi, na hakurudi tena Ulaya mpaka alipofariki mwaka 1927. Mwalimu asikose kumtaja mama huyu. Vitabu humtaja Kapiteni kwa kurasa nyingi na Agnes kwa mstari mmoja, tena si vyote.

Na Mpala ilianza seminari ndogo ambamo alisoma Stefano Kaoze, mwana wa Marungu. Mwaka 1917 Monsinyori Roelens alimpa upadri, wa kwanza katika Kongo tangu siku za ule ufalme wa kale. Kabla ya hapo, mnamo 1910, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu. Miaka thelathini na mitatu tu yatenga kifo cha Lusinga na misa ya kwanza ya Kaoze. Twapenda watoto waihesabu wenyewe, kwa vidole, wakiwa wamekaa pale pale.

Kuhusu safari yenyewe, ndugu walimu, mwandikieni padri wa parokia mapema, na msiwasahau wazee wa kijiji wala sultani: wao ndio wenye masimulizi. Wanafunzi wapewe kabla ya kuondoka ramani ya ziwa waichore wenyewe, tena kila mmoja achukue daftari na swali moja aliloliandika nyumbani. Asiokote mtu tofali wala jiwe la kupeleka kwao. Mashua isijazwe kupita kiasi, hata mwenye mashua akiapa kwamba yatosha, kwa maana wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamka ghafula. Afadhali kungoja siku moja ufukoni. Wakirudi shuleni, waandike insha kabla ya Jumapili, na mwalimu asiwasahihishe upesi wale walioacha swali lao bila jibu.