Kwa nini mwanafunzi wa masafa husita kuingia darasa la mtandaoni

Msomaji mmoja wa Kathiani ameniuliza iwapo "elimu masafa" na "elimu ya mtandaoni" ni kitu kimoja. La hasha. Elimu masafa ni kusoma ukiwa mbali na mhadhiri, kwa njia yoyote ile. Chuo Kikuu cha Nairobi, kupitia bewa lake la Kikuyu, kilianza kuwasomesha walimu hivyo miaka ya 1980, kwa moduli zilizochapishwa na vikao vya ana kwa ana wakati wa likizo. Mtandao ulikuja baadaye, na wapo wanafunzi wa masafa ambao hadi leo wanaukwepa.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Machakos. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 3, 2023, kiko jirani hapa Konza na hufundisha mtandaoni. Isitoshe, walimu wetu waliozoea kusoma Aprili, Agosti na Desemba walibanwa korona ilipovuruga kalenda ya shule, mihula minne ikashindiliwa ndani ya mwaka mmoja. Likizo zikawa fupi mno, darasa likahamia kwenye simu.

Ukiuliza kinachowazuia wengine, jibu la haraka ni bando. Lakini hapa Kiswahili chatusaidia kutofautisha uwezo na utayari. Mwenye simu, stima na bando ana uwezo. Kutaka kuingia darasani ni suala jingine, na vyuo hupima la kwanza vikidhani vimepima la pili.

Mwaka 1989, Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiona inamfaa na ni rahisi kuitumia. Davis alikuwa akichunguza matumizi ya kompyuta kazini. Mfanyakazi wa ofisini hanunui bando kutoka mfukoni mwake. Mwalimu wa Yatta anaiona ikiyeyuka kila dakika, kwa hivyo kila dakika anajiuliza: hii yanifaa?

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi pande za Masinga, alihudhuria mwezi wa kwanza bila kukosa. Kisha akapotea. Nikasema ni mtandao tu, huko milimani. Nilipompigia alinijibu kwa upole, "Prof, nilituma kazi mbili, hakuna aliyejibu. Nikaona nanunua bando nisikize redio."

Aliyekosa kujibu alikuwa mimi. Nilikuwa nikizungumza saa nzima, wanafunzi wamezima maiki (kamusi zasema kinasasauti, lakini darasani ni maiki na sibishani), kisha nauliza "Tuko pamoja?" na kuondoka bila kungoja jibu. Michael Moore, msomi wa elimu masafa, anafundisha kwamba umbali wa kuogopwa hauhesabiwi kwa kilomita. Hukua pale mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi yanapopungua. Mimi niliyekuwa mjini Machakos nilikuwa mbali na Masinga kuliko ramani inavyoonyesha.

Halafu kuna saa. Darasa letu lilikuwa saa mbili usiku, wakati ambao wengi wa kina mama darasani wako jikoni na watoto wanadai msaada wa kazi za shule. Tuliwahesabu kama watoro. Hakuna aliyewauliza saa inayowafaa.

Muhula huu tumesogea hadi saa tatu unusu. Muhtasari wa kila mhadhara nautuma pia kwa sauti kwenye WhatsApp, upakuliwe mtu akipata nafasi, na kazi nazirudisha kabla ya wiki kuisha. Mwalimu wa Masinga amerudi, na anauliza maswali magumu. Wengine wawili hawajarudi. Mmoja aliniambia karo ndiyo iliyomshinda, na sikuwa na la kumjibu.