Kompyuta iko Ujiji, wewe uko kafe Mwanga

Wengi mnaniuliza utaiendeshaje ukiwa kafe kompyuta uliyoiacha nyumbani. Windows Pro inakubali, Home haikubali. Kompyuta unaipa anwani isiyobadilika, halafu unaiambia ruta ielekeze poti 3389 kwenye anwani hiyo.

Mimi nilifanya hivyo, ikagoma kabisa. Kumbe ruta yangu ni ya laini ya simu. Angalia anwani yake ya nje: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanzia 10, mnashea anwani moja na wateja kibao, na anayebisha kutoka nje hakufikii. Usimlaumu fundi.

Na heri iligoma! Poti 3389 ikiwa wazi, programu za wezi huipapasa usiku na mchana zikikisia nywila. Tundu la BlueKeep, lililotangazwa 2019, halikuhitaji hata nywila kuingia Windows 7.

Sasa natumia VPN, Tailscale. Inapita hata kwenye laini ya simu, ruta siigusi. Ila jamani, nywila ya nyumbani usiiandike kwenye kompyuta ya kafe, huenda kuna programu inarekodi kila kitufe. Mimi naingilia kwa simu yangu, umeme wa Ujiji ukiwepo.