Ligi ya Raga na Raga ya Ligi: Fainali ya Watani katika Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Abiria anayepanda matatu Lanet kuelekea mjini Nakuru, siku ambayo timu mbili za mji huo zinakutana, hahitaji kuelezwa raga ni nini. Anafahamu kwamba Nakuru RFC, wenye makao yao Nakuru Athletic Club, walitwaa Kenya Cup mwaka 2013 na tena mwaka 2014. Anafahamu pia kwamba baada ya ufanisi huo walipata jirani wa kushindana naye nyumbani, yaani Menengai Oilers. Lakini abiria huyo akisomewa habari iliyotafsiriwa kwamba katika fainali ya "ligi ya raga" ya mwaka 2020 huko Uingereza, St Helens waliwashinda majirani zao Wigan kwa alama 8 kwa 4, atashangaa. Katika raga anayoijua, hakuna timu inayoweza kumaliza mchezo ikiwa na alama 4. Je, aliyekosea ni nani: mwandishi, mpiga chapa au mfasiri? Makala haya yanafafanua kwamba kosa ni la mfasiri, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuliepuka.

Neno "ligi"

Katika Kiingereza, maneno "rugby league" yamewekwa bega kwa bega bila kiunganishi. Kiswahili hakiruhusu hali hiyo. Kihusishi cha a-unganifu humlazimu msemaji kuamua lipi ni neno kuu na lipi ni kivumishi chake. "Ligi ya raga" ni ligi; raga inaeleza tu ni ligi ya mchezo gani. Kenya Cup ni ligi ya raga. "Raga ya ligi", kwa upande mwingine, ni raga ya aina fulani. Mfasiri anayechagua mpangilio wa kwanza kwa sababu unasikika vizuri zaidi amekwisha kubadilisha mchezo wenyewe.

Aina hiyo ya raga ilitokana na mgogoro wa mishahara. Mwezi Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana katika mji wa Huddersfield na kujitenga na chama kikuu cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa vibarua wa migodini na viwandani. Waliocheza Jumamosi walipoteza ujira wa siku hiyo, na chama kikuu kilikataa walipwe fidia. Waliojitenga walianza kubadilisha kanuni ili mchezo uende kasi na uvutie watazamaji, na mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Mnamo 1922 chama chao kilichukua jina lenye neno "league", na jina la chama likawa jina la mchezo. Kwa hiyo, "ligi" katika jina hili haimaanishi jedwali la pointi, bali ni kumbukumbu ya utengano huo.

Tofauti za kanuni ndizo zinazotegua kitendawili cha abiria wa Lanet. Katika raga ya wachezaji 15, trai ni alama 5, mkwaju unaoifuata ni alama 2, na penalti ni alama 3. Ukizijumlisha upendavyo, 4 haipatikani. Katika raga ya wachezaji 13, trai ni alama 4 na penalti ni alama 2. Aidha, timu yenye mpira hukabwa mara sita tu kabla ya kuukabidhi kwa wapinzani. Katika fainali ile ya 2020, iliyochezwa bila mashabiki kwa sababu ya janga la korona, timu zilikuwa sare 4-4, trai moja kila upande. Mwishoni kabisa mpira uliopigwa na St Helens uligonga mlingoti, Jack Welsby akaufuata na kufunga trai. Trai mbili kwa moja: 8-4. Matokeo yalikuwa sahihi. Jina la mchezo ndilo lililopotoshwa.

Neno "fainali"

Msomaji aliyezoea soka anajua kuwa ligi huamuliwa kwa jumla ya pointi, nayo fainali ni ya mashindano ya mtoano. Kwake, "fainali ya ligi" ni kauli inayojipinga. Hata hivyo, Kenya Cup yenyewe imekuwa ikitumia mfumo huo: baada ya mechi za kawaida, timu za juu huingia katika mchujo, na bingwa hupatikana katika fainali. Raga ya wachezaji 13 ya Uingereza imekuwa ikimpata bingwa wake wa ligi kuu kwa njia hiyo tangu mwaka 1998. Mfasiri hana haja ya kulikwepa neno hili. Anachohitaji ni sentensi moja ya ufafanuzi.

Neno "watani"

Hali kadhalika, si kila mpinzani ni hasimu. Hasimu ni mtu wa ugomvi. Mtani ni mtu wa karibu anayeruhusiwa kukucheka, nawe ukamcheka, pasipo kuwekeana kinyongo. Ndiyo maana Watanzania huwaita Simba na Yanga watani wa jadi, na Wakenya huuita mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards debi ya Mashemeji. KCB ya Nairobi ilipoishinda Kabras Sugar ya Kakamega katika fainali za 2018 na 2019, huo ulikuwa upinzani wa mabingwa. Timu mbili za Nakuru, ambazo mashabiki wake huabiri matatu moja, zinastahili neno lenye ujirani ndani yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Wigan na St Helens, miji iliyo karibu mno.

Hitimisho

Wanahabari wa Kiswahili nchini Kenya wamekwisha kutoa mwongozo. Huandika "raga ya wachezaji saba kila upande" wanapoitaja timu ya Shujaa, iliyoishinda Fiji 30-7 na kutwaa taji la Singapore mwaka 2016, na "raga ya wachezaji 15 kila upande" kwa mchezo wa Kenya Cup. Kinachobaki ni kuendeleza utaratibu huo: "fainali ya kuwania ubingwa wa raga ya wachezaji 13 kila upande kati ya watani wa miji jirani". Kauli hiyo ni ndefu kuliko ya Kiingereza, lakini msomaji wa Lanet akikutana na 8-4 hatadhani amedanganywa. Mwanafunzi wa tafsiri naye atakuwa amejifunza kuuliza jinsi mchezo unavyochezwa kabla ya kufungua kamusi.