Jembe la Mgeni

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwahifadhi watu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini nchini Kongo. Ilikusudiwa kuwa ya muda, na utaratibu umewazuia wakazi wake kwenda zaidi ya kilometa 4 bila kibali. Hata hivyo, kando ya nyumba, penye upana wa mkeka, watu hupanda lengalenga, yaani mchicha, na matembele na maboga. Mgawo huleta unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Mboga mbichi haimo, kwa hiyo faida ya kwanza ni lishe. Lakini naona kinachoifanya bustani hiyo kuwa kimbilio ni kingine: humrudishia mtu uwezo wa kutoa. Mgawo hupimwa kwa idadi ya vichwa, na sehemu ya mgeni haimo. Majani aliyochuma mama mwenyewe hayamo katika daftari la mtu yeyote. Anaweza kumpelekea jirani aliyejifungua, au kuyapeleka kwenye msiba, na hivyo akabaki mtu mwenye nyumba, si mwenye kadi ya mgawo tu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakijua kwamba anayekaa kwa kupokea tu hudhoofisha heshima yake mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba anayepanda hataki kurudi kwao, na ushahidi wao ni mzito. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa mashamba ya hekta 5 hivi kwa familia huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakajilisha, na ilipofika wakati wa kuchagua, wengi walichagua kubaki. Kufikia mwaka 2014 watu wapatao 162,000 walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Lakini hao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 30, wakazaa na kuzika hapo. Tuta la mchicha halilingani na hekta 5. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na anayeupanda hajajifunga na mwaka ujao. Kambi nazo hufungwa: ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, ya Mtendeli mwaka 2021. Mboga kama hiyo huliwa siku kwa siku, kwa hiyo kambi inapofungwa kinachoweza kupotea ni kidogo.

Maji ni tatizo la kweli, kwa kuwa ndoo hupangwa foleni. Ndiyo maana maji yaliyooshea vyombo humwagwa kwenye matuta, na huko kwenye kambi za Kakuma na Dadaab nchini Kenya, kwenye ukame mkali, watu wamepanda mboga ndani ya magunia ya udongo yenye mawe katikati ili maji yapenye hadi chini.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba bustani inaweza kuwa kisingizio cha kupunguza mgawo. Hofu hiyo ina msingi, kwani mgawo umeshapunguzwa mara nyingi fedha za wafadhili zilipopungua. Majani hayawezi kushika nafasi ya unga, kwa hiyo bustani isihesabiwe kamwe kwenye mgawo. Wasimamizi watenge nafasi na mbegu bila sharti la kupunguza mgawo, na kambi inapofungwa, tarehe itangazwe mapema kiasi cha kuvuna kilichopandwa na kukausha mbegu za kuondoka nazo.