Skrini Hospitalini: Chombo cha Huduma, Si Mbadala wa Mhudumu

Katika miaka ya karibuni, hospitali za miji mikubwa ya Afrika Mashariki zimeanza kutundika skrini za kidijitali katika kumbi za mapokezi, nje ya vyumba vya madaktari na kwenye madirisha ya dawa. Biashara ya vifaa hivi inakua duniani kote. Bei ya skrini imeshuka, na hospitali nyingi sasa zinatunza kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Nchini Tanzania, vituo vingi vya Serikali vinatumia mfumo wa GoTHOMIS kuandikisha wagonjwa, malipo na dawa.

Kwa waamini wa nyanda za juu za Kigoma, jambo hili si la mbali tena. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli, hadi zilipofikiwa na umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2022. Penye umeme wa uhakika, wauzaji wa vifaa hawakawii kubisha hodi. Inafaa basi Taifa la Mungu lielewe skrini hizi zinafanya nini, na zinamtumikia nani.

Kazi zake ni tatu

Kazi ya kwanza ni kupanga foleni. Mgonjwa akiandikishwa hupewa namba. Daktari akiwa tayari hubonyeza kitufe, na skrini huonesha namba hiyo pamoja na chumba cha kwenda. Mahali inapotumika vizuri, hupunguza msongamano mlangoni na kumzuia mwenye kujuana na wakubwa asimruke maskini aliyetangulia.

Ya pili ni elimu ya afya: chanjo, lishe ya mtoto, dalili za hatari kwa mjamzito, kinga ya malaria. Mama anayengoja kliniki kwa saa kadhaa anaweza kuondoka na maarifa yatakayookoa uhai nyumbani.

Ya tatu ni matangazo ya biashara, na hapa panahitaji macho mawili. Huko Marekani, kampuni ya Outcome Health ya Chicago ilifunga skrini katika maelfu ya kliniki za madaktari na kuziuzia kampuni za dawa nafasi za matangazo. Mwaka 2023 mahakama iliwatia hatiani waliokuwa viongozi wake kwa udanganyifu, kwa kuwa waliuza nafasi ambazo hawakuwa nazo. Fundisho kwetu ni hili: skrini inayoletwa bure bado ina mlipaji, na bidhaa inayouzwa ni macho ya mgonjwa aliyekaa akingoja. Mtu mwenye maumivu na hofu huamini upesi kila anachokiona ndani ya hospitali. Kuitumia imani hiyo kumuuzia dawa asiyoihitaji ni kumkosea haki.

Siri ya mgonjwa

Jina la mtu likiandikwa ukutani karibu na jina la kliniki ya matibabu ya VVU au ya kifua kikuu, kijiji kizima kinaweza kupata habari kabla ya jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo skrini ya foleni ioneshe namba, isioneshe jina wala ugonjwa.

Asiyeweza kusoma

Mwinjili Marko anatusimulia habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze, lakini Bwana wetu Yesu Kristo alisimama, akaagiza aitwe, akamuuliza anataka atendewe nini. Bartimayo asingeona namba yoyote ukutani. Ilihitajika sauti ya mtu.

Katika vilima vya Muyama wapo wazee wasiojua kusoma, wenye macho yaliyofifia, na akina bibi wanaoelewa Kiha kuliko Kiswahili cha maandishi. Skrini isiyo na sauti itawaacha nyuma wale wale ambao Kanisa limeagizwa kuwatanguliza. Hati ya *Antiqua et nova*, iliyotolewa na Vatikani tarehe 28 Januari 2025 kuhusu akili unde, inafundisha kwamba katika huduma ya afya teknolojia iimarishe uhusiano wa mgonjwa na mhudumu, isichukue nafasi yake. Kanuni hiyo inaihusu pia skrini ya ukutani.

Maswali ya kuuliza

Wajumbe wa kamati za afya, na waamini wanaoombwa kuchangia vifaa vya zahanati au hospitali, waulize kabla ya kutoa fedha: Je, dawa muhimu, maji na vitanda vya kujifungulia vipo? Skrini itaita kwa sauti pia, na kwa lugha inayoeleweka? Nani anachagua kinachooneshwa, na nani anakilipia? Umeme ukikatika, ipo orodha ya karatasi ili aliyetangulia asipoteze zamu yake? Ikiharibika, fundi atatoka wapi?

Majibu yakiridhisha, skrini ipokelewe kwa shukrani kama tunda la akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu. Hata hivyo, pawepo daima mhudumu mmoja ukumbini, atakayeinuka, amwendee mzee ambaye namba yake imepita bila yeye kujua, na kumshika mkono hadi chumba cha daktari.