Frigo inakufa tena nyuma ya kutiwa gazi: maji, hewa na uchafu ndani ya tiyo



Maziwa inatoka kwa ng'ombe na joto ya karibu degre 38. Kama haikushushwa mbio mpaka karibu degre 4, vidudu vinaongezeka, na maziwa ya asubuhi inaweza kukataliwa mbele ya jua kuzama. Ndiyo maana koperative nyingi zimekubali kutoa makuta ya mingi kwa kununua tanki ya baridi, kongelateri ya samaki ao frigo ndogo ya chanjo za kuku na mbuzi. Na ndiyo maana siku mashini inakufa, komite yote inakosa usingizi.

Munajua namna mambo inaendaka. Fundi anaitwa, anagusa tiyo, anasema: « gazi imeisha ». Anatia gazi, analipwa, baridi inarudi. Nyuma ya juma tatu ao ine, mashini inasimama tena. Fundi anarudi, gazi tena, franga tena. Mara ya tatu, kompreseri yenyewe inaungua, na bei ya kompreseri mupya haiko ya muchezo.

Tuelewane kwanza juu ya neno moja: gazi ya frigo haiishake kama mazuti ya jenereta. Inazunguka ndani ya tiyo zilizofungwa, miaka na miaka, gazi ni ile ile. Kama imepunguka, kuko tundu fasi fulani. Na kama tundu liko, ao kama fundi alifungua tiyo na kuifunga bila utaratibu, gazi inatoka na vitu vingine vinaingia: maji, hewa, vumbi. Mara nyingi ni vile vitu vinaua mashini, hapana ukosefu wa gazi. Sisi ma-agronome hatukusomea frigo, lakini mutu anayelipa kazi anapaswa kujua kazi inayolipwa inapitia wapi.

Mashini inafanya nini

Kompreseri inakamata gazi na kuikaza. Gazi inakuwa ya moto. Inapita ku kondenseri, zile tiyo za nyuma ao zenye ventilateri, inaacha joto yake inje na kugeuka maji-maji. Inapita ku filtri, kiisha inaingia ku katundu kadogo sana: kapileri ku frigo za nyumbani, detanderi ku tanki kubwa. Hapo presio inaanguka kwa rafla, gazi inachemka tena na kukamata joto ya maziwa. Halafu inarudi ku kompreseri. Pamoja na gazi kunatembea mafuta, yenye kulainisha kompreseri. Mukumbuke ile katundu kadogo na ile mafuta. Matatizo mengi inaanzia hapo.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Tone moja ya maji inatosha. Inatembea na gazi mpaka ku mulango wa kapileri, fasi baridi inaanzia, inaganda na kuziba. Frigo inaacha kufanya baridi wakati kompreseri inaendelea kulia. Kiisha barafu inayeyuka, njia inafunguka, baridi inarudi, maji inaganda tena. Kama frigo yenu inafanya baridi, inaacha, inafanya tena bila mutu kuigusa, mufikirie maji mbele ya kufikiria gazi. Fundi mwenye akili anaweza kuhakikisha bila kufungua kitu: anakamata kitambaa kilichochovywa ndani ya maji ya moto, anakifunga pale kapileri inaingilia ku evaporateri, na kusikiliza. Kama nyuma ya dakika chache anasikia gazi inaanza tena kupita na sauti ya « sss », barafu ilikuwa pale. Kitambaa, hapana moto wa shalimo.

Kwa frigo ya chanjo, ugonjwa huu ni mubaya zaidi kwa sababu unajificha. Chanjo ya Newcastle inataka kukaa kati ya degre 2 na 8. Frigo inapasha usiku, asubuhi imerudi degre 5, mutu anafungua na kuona kila kitu ni sawa. Kuku wanachanjwa na kiisha wanakufa, na watu wanasema chanjo ni ya bongo.

Maji inatoka wapi? Zaidi inatoka ndani ya hewa, hasa wakati wa mvua. Tiyo inayolala wazi usiku mmoja inakunywa unyevu. Mafuta ni mubaya zaidi: mashini za gazi R134a zinatumika na mafuta ya aina ya esta, na hii mafuta inavuta unyevu wa hewa kama chumvi inavyolowa ku jikoni wakati wa mvua. Bidoni ya mafuta iliyofunguliwa mwezi uliopita na kufungwa na kitambaa, musikubali itiwe ndani ya tanki yenu. Maji na mafuta ya esta, vikipata joto ya kompreseri, vinatoa asidi. Asidi inakula ngozi ya nyuzi za moteri pole pole, mpaka siku nyuzi zinagusana na moteri inaungua.

Kuko na jambo lingine watu hawalijui. Ku kongelateri za gazi R600a, upande wa baridi mara nyingi unafanya kazi na presio ya chini kuliko hewa ya inje. Tundu likiwa upande ule, gazi haitoki. Ni hewa na unyevu ndivyo vinaingia. Fundi anatafuta mapovu ya sabuni wakati mashini inatembea, haoni hata moja, na anasema tundu haliko.

Hewa yenyewe, hata kama ni kavu, haigeuki maji-maji ku kondenseri. Inabaki pale kama mugeni aliyekalia kiti na hataki kuondoka. Presio inapanda, kompreseri inapasha, jenereta inakunywa mazuti zaidi. Lakini alama hizi hizi zinaletwa pia na vumbi lililojaa inje ya kondenseri! Basi mbele ya kumuita fundi, mukamate brosi laini, muzime umeme, musafishe kondenseri na kuangalia kama ventilateri inazunguka. Hiyo kazi haiombi diplome, na kwa maoni yangu ingefanywa kila mwezi fasi zenye vumbi.

Kazi ya kutosha uchafu, hatua kwa hatua

Kwanza gazi inavutwa na kuwekwa ndani ya chupa yake, haiachwi kupotea hewani. Hapa si maneno ya wazungu tu. Kilo moja ya R134a inapasha dunia sawa na kilo 1430 za gazi karboniki kwa muda wa miaka 100. Inchi nyingi zilikutana hapa jirani, Kigali, mwezi wa 10 mwaka 2016, na kupatana kupunguza gazi za namna hiyo. Lakini hata ukiacha mambo ya dunia, gazi ni makuta: ile iliyovutwa ikiwa safi inaweza kutumika tena, na ile yenye asidi haifai kurudishwa.

Kiisha fundi anatafuta tundu, analiziba, na anatosha filtri ya zamani. Aikate na kisu cha kukatia tiyo. Asiitoshe kwa moto, kwa sababu filtri ndiyo ghala ya maji yote iliyokamatwa. Ukiipasha, maji inatoka mule na kurudi ndani ya tiyo. Asikate na si ya chuma pia, maana unga wa shaba unaingia na kwenda kuziba kapileri. Wakati wa kusude, fundi mzuri anapitisha azoti kidogo ndani ya tiyo. Bila azoti, shaba inapata magamba meusi kwa ndani, na yale magamba kesho ni uchafu. Ninajua chupa ya azoti ni nzito na barabara zetu munazijua, lakini komite inaweza kuuliza mbele ya kazi: « Fundi, azoti iko? »

Filtri mupya inafungwa mwisho kabisa. Vifuniko vyake vinatoshwa pale pale inapotiwa, kwa sababu filtri iliyokaa wazi imekunywa hewa ya chumba na haina nguvu tena.

Halafu inakuja kazi ambayo mafundi wengi wanairuka: kuvuta vidi. Pompu inavuta hewa yote ndani ya tiyo, na lengo si hewa tu, ni maji. Mama zetu wa Masisi wanajua kwamba huko juu maharagi inachelewa kuiva kuliko Uvira. Sababu yake ni kwamba mulimani hewa inakandamiza kidogo, basi maji inachemka mbele ya kufikia degre 100, na maharagi inapikwa na joto ndogo. Pompu inaendelea na kazi ile ile ya mulima mpaka mwisho: inashusha presio sana hata maji inachemka kwa joto ya chumba, inageuka mvuke, na mvuke inavutwa inje. Kwa degre 20, presio inapaswa kushuka chini ya milibari 23 ili maji ianze kuchemka. Fundi anayetafuta kazi safi anashuka mpaka mikroni 500, ni kusema chini ya milibari moja.

Kutokana na hiyo, mambo matatu. Kompreseri ya frigo ya zamani inayotumiwa kama pompu haifiki kule. Inavuta hewa nyingi na kuacha maji. Pia mashini isivutwe vidi ikiwa bado ya baridi, maji iliyoganda inachelewa sana kutoka. Barafu iyeyuke kwanza. Na manometri ya sindano inadanganya. Imetengenezwa kuonyesha -1 kwa vidi kamili, lakini hiyo ni kando ya bahari. Goma na Bukavu, karibu metre 1500 juu, sindano haiwezi kupita karibu -0,85. Uvira na Kalemie, karibu -0,92. Fundi anayewaambia kwamba amefika -1 pale Goma, ao manometri yake ni mubovu ao anawabembeleza. Na hata sindano ikisimama fasi yake ya mwisho, haionyeshi kama maji imebaki, maana tofauti ya milibari chache haionekani ku sindano. Kunatakiwa kipimo cha vidi cha elektroniki.

Nyuma ya kuvuta, robine inafungwa, pompu inazimwa, watu wanangoja. Presio ikipanda kidogo na kusimama, maji bado iko ndani. Ikipanda bila kusimama, ni tundu. Ikibaki fasi moja, gazi inaweza kutiwa, kwa balansi, gramu zilizoandikwa ku plaki ya mashini. Kutia gazi kwa kugusa tiyo na mukono ni kubahatisha.

Kama moteri iliungua

Mutajua kwa harufu kali ya kuungua na mafuta yenye imekuwa nyeusi. Mavazi ya mikono ni lazima, ile mafuta ina asidi na inaunguza ngozi. Kuweka kompreseri mupya bila kusafisha ni kuipeleka kaburini, kwa sababu asidi inamungojea ku tiyo. Mafuta ya zamani inatoshwa, tiyo zinasafishwa, filtri inabadilishwa, na ku tanki kubwa filtri ya pili ya kukamata asidi inawekwa upande wa kurudia ku kompreseri. Mashini inatembea siku mbili tatu, mafuta inapimwa. Asidi ikiwa bado, filtri zinabadilishwa tena. Basi wakati wa kupatana bei, muhesabie safari mbili za fundi, si moja.

Vitu vya kukataa kabisa

Oksijeni. Kuko wanaoitumia kupimia tundu kwa sababu chupa yake inapatikana kwa wenye kusude. Oksijeni ya presio ikikutana na mafuta inalipuka, na watu wamekwisha kufa kwa kosa hilo. Ni azoti tu, na detanderi yake ku chupa.

Esansi ya kusafishia tiyo, hapana. Alkoli inayomwangwa ndani ili maji isigande, hapana pia: inaficha ugonjwa kwa siku chache na inakula ngozi ya nyuzi za moteri. Gazi ya kupikia ndani ya frigo iliyotengenezwa kwa R134a, hapana, inawaka. Na kama plaki inaonyesha R600a, gazi yake yenyewe inawaka: madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna shalimo mpaka gazi itoke yote.

Komite ifungue kaye moja kwa kila mashini. Muandike tarehe, alama mulizoona, jina la gazi, gramu zilizotiwa, filtri kama imebadilishwa, vidi ilikaa muda gani bila kupanda. Muombe fundi awaachie filtri ya zamani. Asiyeitosha hataweza kuionyesha. Sehemu ya malipo ibaki kwa komite juma mbili, ipatanishwe mbele ya kazi na iandikwe. Na kwa kuwa kazi safi inakamata siku nzima, pengine mbili, muchague siku pamoja na wenye kutengeneza fromage, ili maziwa ya siku ile iende kwao moja kwa moja badala ya kungoja ku bidoni.